Maji ya mubirizi yanashusha homa, lakini malaria inaweza kubaki mwilini

Ukiwa mtu wa Kasulu au Kibondo huhitaji kuelezwa mubirizi ni nini. Ni ule mti mfupi wenye majani machungu, unaoota kwenye ua au pembeni ya migomba. Mtu akishikwa na homa usiku, majani yanachumwa, yanachemshwa, anakunywa kikombe huku amekunja uso. Kwa Kiswahili wengine wanauita mtukutu, na wataalamu wanauita Vernonia amygdalina. Uko familia moja na kamomaili, ile chai ya maua inayosifiwa sana mitandaoni siku hizi, ila huu wa kwetu hauuzwi kwenye pakiti.

Je, unatibu kweli?

Swali hili lilipimwa Uganda, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Wagonjwa wa malaria ya kawaida walipewa maji ya majani mabichi ya mti huu. Ilipofika siku ya 14, asilimia 67 walikuwa wamepata nafuu ya kuridhisha. Hapo bibi anaweza kusema, si niliwaambia? Na kweli, hakukosea.

Shida ilionekana kwenye damu. Kati ya hao waliopata nafuu, ni asilimia 32 tu ambao vimelea vya malaria viliisha kabisa. Na katika hao walioisha, asilimia 71 vimelea vilirudi tena. Yaani homa inashuka, mtu anarudi shambani, lakini mdudu bado yumo.

Kwa mtu mzima aliyeugua malaria mara nyingi tangu utoto, mwili wake umeshajenga kinga fulani. Anaweza kunywa mubirizi, akatoka jasho, akapona, na akausifu mti maisha yake yote. Mtoto wa miaka miwili hana kinga hiyo. Kikombe kilichomtosha babu kinaweza kumchelewesha mjukuu siku mbili, na siku mbili ni nyingi: malaria kali huleta degedege na kumaliza damu haraka sana.

Na Kigoma si mahali pa kubahatisha. Utafiti wa kitaifa wa malaria wa mwaka 2017 ulikuta karibu mtoto 1 kati ya 4 wa chini ya miaka mitano mkoani humo ana vimelea, kiwango cha juu kuliko mikoa yote ya Tanzania Bara.

Hata sokwe wanaujua

Mti wenyewe si wa kudharauliwa. Kusini mwa Kasulu, kwenye milima ya Mahale kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1987 mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyezijua vizuri dawa za miti, walimwona sokwe jike aitwaye Chausiku akiwa mgonjwa. Alivunja tawi changa la mti huu, akatupa majani, akamenya ganda, akatafuna kiini na kunyonya maji yake machungu. Kesho yake alikuwa na nguvu tena. Sokwe mwingine aliyefanya hivyohivyo alipimwa choo chake: mayai ya minyoo yalishuka kutoka 130 hadi 15 kwa gramu ndani ya saa 20.

Angalia sokwe alichotupa. Majani na ganda vina vernodalini nyingi, kemikali ambayo kwa panya wa maabara ilikuwa sumu. Hiyo haina maana kwamba majani ni sumu kwa binadamu; Kameruni wanayapika kama mboga, lakini wanayaosha sana kwanza kuondoa uchungu. Sisi tunaupenda uleule uchungu, na hakuna anayepima ni majani mangapi kwa maji kiasi gani.

Nani awe mwangalifu? Mjamzito asinywe, maana maabara imeonyesha mti huu unaweza kukaza misuli ya mfuko wa uzazi kwa wanyama. Mwenye kisukari anayetumia dawa naye amuulize daktari kwanza, kwa sababu kwa wanyama umeonekana kushusha sukari.

Mtoto akiwa na homa, apelekwe zahanati akatobolewe kidole siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka huchukua kama dakika 15 hadi 20. Akikutwa na malaria ya kawaida na kuandikiwa dawa mseto, kwa kawaida ALU, anywe dozi zote 6 kwa siku 3, pamoja na chakula, hata kama homa imeshuka siku ya kwanza. Anayetapika kila kitu, anayeshindwa kunyonya, aliyelegea au aliyepata degedege asisubiri kuche, hata kama ameshakunywa maji ya mubirizi. Na kama ameshakunywa, mwambie mhudumu bila kuficha, pamoja na saa aliyokunywa.