Namba ya kwenye skrini si mionzi uliyopata

Mtoto akipigwa CT scan ya tumbo, skrini ya mashine huonyesha kiwango cha mionzi, tuseme miligrei 5. Mzazi akiiona, atadhani ndicho kiasi kilichoingia mwilini mwa mwanawe. Sicho. Hicho ni kiasi ambacho mashine, ikiwashwa kwa mipangilio ileile, ingekiacha ndani ya silinda ya plastiki yenye kipenyo cha sentimita 32. Skrini haijui kama aliyelala pale ni mtoto au bondia.

Kwa mtoto, kosa huelekea upande mbaya. Mionzi hupungua kadiri inavyopenya nyama. Katika mwili mnene, viungo vya katikati hukingwa na tabaka za juu. Katika mwili mdogo kinga hiyo ni haba, na miale inayozunguka kutoka pande zote hufika katikati ikiwa bado na nguvu. Ndiyo maana kumpiga mtoto picha kwa mipangilio ya mtu mzima ni uzembe, hata picha itoke safi namna gani.

Mwaka 2011 chama cha wanafizikia tiba cha Marekani, AAPM, kilitoa ripoti namba 204 yenye majedwali ya kusahihisha kasoro hiyo. Hesabu yake haitishi. Pima unene wa mwili toka mbele hadi nyuma na upana wake toka ubavu hadi ubavu, zidisha, kisha tafuta kipeuo cha pili; jibu ndilo kipenyo cha mwili. Tumbo lenye unene wa sentimita 16 na upana wa 25 lina kipenyo cha 20, na jedwali hulipatia kizidishio cha 1.78. Zile miligrei 5 zinakuwa karibu 9. Mtu mwenye kipenyo cha sentimita 42 hupewa takriban 0.79, yaani amepata pungufu ya kilichoandikwa, ingawa mashine za kisasa humwongezea mtu mnene mionzi zenyewe ili picha isififie.

Kifuani rula hudanganya, kwa sababu mapafu yamejaa hewa isiyozuia mionzi sana. Ripoti namba 220 ya mwaka 2014 ikashauri kipenyo kikokotolewe kutoka kwenye picha yenyewe, kwa kulinganisha mwili na maji.

Mtego mmoja hunasa hata wazoefu: baadhi ya mashine, kwa watoto, hutumia silinda ya sentimita 16, na namba yake huwa karibu maradufu. Ukiizidisha kwa 1.78, umemhesabia mtoto mionzi mara mbili.