Chale, Nembo na Tatuu: Kutoka Nakuru hadi kwa Wabudha

Katika masoko ya Njoro, Molo na Nakuru mjini, wangali wapo wazee wa Kikalenjin na wa Kimaasai ambao ndewe za masikio yao zilipanuliwa hata zikaning'inia. Hatua chache kutoka walipo, vijana huchorwa tatuu vibandani. Ni kosa kuyaita mambo haya mawili kwa jina moja, hasa kwa kuwa Kiswahili hakina uhaba wa maneno. Kutoga ni kutoboa sikio, na tundu lake ndilo ndewe. Kutoja ni kuichanja ngozi, na alama ibakiayo ni chale. Nembo nayo, ambayo leo hupamba barua za vyuo na vyama, ilikuwa alama ya kabila iliyotiwa mwilini, mathalani zile za Wamakonde usoni. Tatuu ni wino utiwao ngozini kwa sindano.

Kwa Wakalenjin, kutogwa masikio kulitangulia jando; kulimtangaza mtoto kuwa anakua. Wamishenari waliona ushenzi tu. Wapo waliokwenda kushonwa ndewe zao hospitalini, yaani kuifuta kwa sindano ya daktari habari ambayo jamaa zao walikuwa wameiandika.

Hukumu ya haraka kama hiyo huwapata pia Wabudha, ambao michoro yao imeenea duniani kupitia kwa waigizaji kama Angelina Jolie. Je, dini yao inaikataza tatuu? Amri zao tano hazitaji jambo hilo. Kanuni za watawa hukataza kumpokea mtu aliyetiwa alama ya moto kwa adhabu, lakini kinachoangaliwa hapo ni hatia wala si ngozi. Kuhusu pambo lenyewe, mafundisho ya Buddha kwamba kila kiumbwacho hupita huupa mwili thamani ndogo, liwepo pambo au lisiwepo.

Tofauti kubwa imo baina ya nchi na nchi. Nchini Thailand, katika hekalu la Wat Bang Phra, watawa wenyewe huwachora waumini sak yant: maumbo na maneno ya Kipali yaaminiwayo kumkinga mwenye nayo, maadamu anayashika masharti aliyopewa. Nchini Sri Lanka, kumchora Buddha mwenyewe mwilini huhesabiwa kuwa dharau. Mwaka 2014 mtalii mmoja Mwingereza alifukuzwa huko kwa sababu ya picha hiyo mkononi mwake. (Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo hiyo iliamuru alipwe fidia, kwa kuwa haki zake zilikiukwa.)

Mfasiri afanyeje basi na sak yant? Akiandika "tatuu" atakuwa ameutaja wino na kuiacha kinga. Pwani, mganga humchanja mtu chale na kumpaka dawa ili asidhuriwe, kisha humpa miiko ya kufuata. Chale hizo za zindiko, ijapokuwa hazina wino wala picha, zinaikaribia sak yant kuliko tatuu yoyote ya vibandani Nakuru.