Kutoka penye nafasi kwenda penye watu

Tuanze na hesabu mbili. Mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini kabisa mwa Msumbiji, una zaidi ya kilomita za mraba 82,000, na sensa ya mwaka 2017 ilikuta humo watu milioni 2.3. Wastani wake ni watu 28 kwa kilomita ya mraba. Ng'ambo ya mto Ruvuma, Mkoa wa Mtwara haufiki kilomita za mraba 17,000, na sensa ya Tanzania ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 1.6, yaani karibu 100 kwa kilomita ya mraba. Kama ni kweli kwamba watu hukimbia palipojaa wakafuata palipo wazi, basi watu wa Mtwara ndio wangekuwa wakihamia kusini. Wapo waliokwenda, hasa baada ya rubi kugunduliwa Montepuez mwaka 2009. Lakini mkondo mkubwa, kwa miongo mingi, umekwenda kaskazini.

Kipimo cha watu kwa kilomita ya mraba kinafaa kupangia visima na zahanati. Kwa uhamaji hakisemi mengi. Kinachomsukuma mtu ni vile vitu anavyoweza au asivyoweza kuvifikia: shamba lenye maji jirani, mahali pa kuegesha ngalawa, fedha za nyavu, kazi ya mshahara. Uwanda wa Mueda, Cabo Delgado, una ardhi, ila maji yake kwa miaka mingi yamekuwa ya kuteremkia mabondeni na ndoo kichwani. Pwani, ukanda unaolisha watu ni mwembamba: minazi, mihogo, mpunga kidogo, kisha bahari. Mwaka 2007 mkoa ulikuwa na watu milioni 1.6. Ongezeko la miaka kumi iliyofuata lilitokana zaidi na uzazi, na kwa sehemu na wageni waliofuata mawe na gesi. Karibu nusu ya watu wa mkoa ni watoto wasiotimiza miaka 15.

Hata hivyo wimbi la kwanza kubwa la waliokwenda kaskazini halikuhusiana na uzazi. Kuanzia mwaka 1938 serikali ya Kireno ilikaza amri ya kulima pamba, ikauzwa kwa bei waliyopangiwa wakulima, na aliyeshindwa kodi alichukuliwa kwenye kazi za lazima. Upande wa Tanganyika, mashamba ya mkonge ya Lindi na Tanga yalikuwa yanatafuta vibarua. Mkonge haukuwa na raha, mikono ilichanika, lakini malipo yalikuwa fedha mkononi. Wamakonde wa Msumbiji walivuka kwa maelfu. Wenyeji wakawaita Wamawia. Vinyago vya Kimakonde wanavyonunua watalii Mwenge, Dar es Salaam, vina asili katika safari hizo.

Waliosonga mbele zaidi, hadi mashamba ya miwa na mkonge ya Kwale, Kenya, ndio wanaonipa somo kubwa. Walipata watoto na wajukuu huko, na wajukuu hao wakabaki bila uraia wa upande wowote. Bila kitambulisho huwezi kufungua akaunti ya benki wala kusajili laini ya simu kwa jina lako. Kila kitu kinapitia kwa rafiki. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kumwona Rais Uhuru Kenyatta, na mwaka 2017 wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43. Kwa hiyo mhamaji anaweza kuvuka mpaka kwa siku moja, kisha kuvuka huko kukachukua vizazi vitatu kukamilika.

Vita vya ukombozi wa Msumbiji, 1964 hadi 1974, vilileta wimbi jingine hadi kambi ya Rutamba, Lindi. Wengi walirudi baada ya uhuru.

Gesi iligunduliwa kwenye bonde la Ruvuma, baharini, mwaka 2010. Hapo ndipo shinikizo la watu lilipoonekana mahali ambapo takwimu za mkoa zinasema kuna nafasi. Mradi wa rasi ya Afungi, wilayani Palma, ulitengewa takriban hekta 7,000. Kijiji cha Quitupo na makazi ya wavuvi yaliyokuwa jirani vikahamishiwa Quitunda, kwenye nyumba za matofali zilizopangwa kwa mistari. Nyumba ni imara, sikatai. Lakini mwanamke aliyekuwa akishuka pwani kwa miguu maji yakipwa, akaokota kombe na kurudi kupika, sasa bahari imemwia mbali. Na wakati huohuo watafuta kazi kutoka Nampula na Maputo walikuwa wakimiminika Palma. Ardhi ilipungua, watu wakaongezeka, na kazi zilizoahidiwa zilidai vyeti ambavyo vijana wa pale hawakuwa navyo.

Tarehe 5 Oktoba 2017 wapiganaji walishambulia Mocímboa da Praia, na vita vikaanza. Sitadai kwamba gesi au uzazi ndivyo vilivyozaa vita hivyo. Sababu zake ni nyingi. Ninachoweza kusema ni njia watu waliyoishika. Kufikia mwishoni mwa mwaka 2022 waliokimbia makwao walikadiriwa kufika milioni moja, na karibu wote walibaki ndani ya Msumbiji. Oktoba 2020 pekee, zaidi ya watu 10,000 walishuka kutoka kwenye mashua katika ufuo wa Paquitequete, mjini Pemba. Wengi wao hawakwenda kambini. Walipokelewa na ndugu, na nyumba ya vyumba viwili ikalaza familia tatu.

Kwa nini hawakuvuka Ruvuma kama babu zao? Wapo waliojaribu. Baada ya shambulio la Palma la Machi 2021, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa liliripoti kwamba maelfu walirudishwa na Tanzania kupitia Negomano, palipo na Daraja la Umoja. Tanzania ilikuwa na hofu yake ya usalama, kwani Kitaya, Mtwara, ilikuwa imeshambuliwa Oktoba 2020. Ila Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unamtambua anayekimbia vurugu kuwa mkimbizi, na Tanzania ni mwanachama wake.

Ukisoma jedwali la uhamiaji wa kimataifa, basi, utaona Cabo Delgado imetoa watu wachache. Jedwali linahesabu waliofanikiwa kuingia kwa mlango. Mwenye mjomba Msimbati, pwani ya Mtwara, aliyengoja upepo wa kusi akatweka tanga hayumo, na aliyerudishwa darajani hayumo. Sensa ijayo ya Msumbiji inatarajiwa mwaka 2027. Ukurasa nitakaoufungua kwanza ni wa wanaume wa miaka 20 hadi 29 katika wilaya za Palma, Mocímboa da Praia na Macomia, niulinganishe na wa wanawake wa rika lao.