Somo la Redio: Kihisi cha Mashine ya Shamba na Namba Yake ya Forodha

Sogezeni viti karibu na redio. Mwenye kalamu na aishike, maana leo kuna namba za kuandika.

Leo tutasoma karatasi ambayo wengi huiogopa, nayo ni hati ya forodha. Mtu husema, "Hiyo ni kazi ya wakala, mimi sina habari nayo." Lakini anayelipa si wakala. Anayelipa ni wewe mwenye mali. Kwa hiyo yafaa ujue kilichoandikwa.

Tuanze na mfano. Fikirini ushirika wa wakulima wa mahindi. Wana mashine ya kunyunyizia dawa, huvutwa na trekta. Katika bomba lake mna kifaa kidogo, kama kidole gumba. Kazi yake ni kupima lita ngapi za dawa zinapita kila dakika, na kupeleka habari hiyo kwa umeme mpaka kwenye kioo kilicho mbele ya dereva. Kifaa cha namna hii huitwa kihisi, kwa kuwa huhisi jambo, kama vile mkono unavyohisi joto.

Basi, kihisi kimekufa. Dereva hajui tena kama anamwaga dawa nyingi au kidogo. Dawa nyingi huunguza mimea na kupoteza fedha. Dawa kidogo huwaacha viwavi wakila mahindi. Ushirika waagiza kihisi kipya ng'ambo, nacho chafika kwa meli katika bandari ya Dar es Salaam. Katika ankara, muuzaji ameandika maneno haya tu: "kipuri cha mashine ya kilimo." Katibu wa ushirika asema, "Vema. Ni kipuri, basi tuandike kipuri."

Je, katibu amesema sawa? Hilo ndilo swali letu la leo.

NAMBA NI NINI?

Duniani kuna bidhaa nyingi mno, na kila lugha ina majina yake. Kwa hiyo mataifa yalikubaliana kuzipa bidhaa namba. Mpango huo husimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, lenye makao yake Brussels, nchini Ubelgiji. Ulianza kutumika tarehe 1 Januari 1988, na hutengenezwa upya kila baada ya miaka michache. Toleo moja lilianza tarehe 1 Januari 2022.

Andikeni namba hii: 9026.10. Sasa tuisome pole pole. Tarakimu mbili za kwanza, 90, ni sura. Sura ya 90 ni ya vyombo vya kupimia, pamoja na miwani, kamera na vyombo vya madaktari. Tarakimu nne, 9026, ni kichwa cha bidhaa. Hapo pametajwa vyombo vya kupima vimiminika na gesi. Tarakimu sita, 9026.10, ni kifungu kidogo: kupima mwendo wa kimiminika, au kima chake ndani ya tangi. Tarakimu hizo sita ni sawa katika nchi zote zinazofuata mpango huu. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki huongeza mbili, zikawa nane.

KWA NINI SI KIPURI?

Sasa turudi kwa katibu. Mashine ya kunyunyizia dawa imo katika kichwa 8424, na vipuri vyake vina kifungu 8424.90. Katibu aliona kihisi kinakaa ndani ya mashine hiyo, akadhani ni kipuri chake. Kosa hili ni la kawaida.

Kanuni ya kwanza ya mpango huu yasema hivi: bidhaa hupangwa kwa kufuata maneno ya vichwa, pamoja na maelezo yaliyoandikwa mwanzoni mwa kila sehemu na kila sura. Haipangwi kwa jina la dukani. Basi tukisoma maelezo ya Sehemu ya 16, yenye mashine na vyombo vya umeme, twaona yasema ya kuwa bidhaa za Sura ya 90 hazimo humo. Maelezo ya Sehemu ya 17, yenye trekta na magari, nayo yakataza kuzihesabu bidhaa za Sura ya 90 kuwa vipuri vya magari.

Kwa hiyo kihisi cha kupima mwendo wa dawa, kikija peke yake, ni 9026.10. Kihisi cha presha nacho kimo katika 9026. Kihisi cha joto ni kichwa 9025. Shikeni neno hili: usiulize kifaa kinakaa wapi, uliza kinafanya kazi gani.

Lakini angalieni mambo mawili. Kwanza, kihisi kikija kimefungwa tayari ndani ya mashine nzima, hufuata namba ya mashine. Pili, kile kipande kidogo cha semikonda ambacho chenyewe ndicho kinachohisi, kikija peke yake, chaweza kuwa katika kichwa 8541. Toleo la mwaka 2022 lilikitaja hapo. Ndiyo maana neno "kihisi" peke yake halitoshi.

TUFANYE HESABU

Viwango vya kawaida vya ushuru wa forodha katika Jumuiya, tangu Julai 2022, ni vinne: asilimia 0, 10, 25 na 35. Bidhaa chache zina viwango vyake maalum. Tuseme kifaa, pamoja na bima na nauli ya meli, kina thamani ya shilingi 400,000. Kwa asilimia 0, ushuru hakuna. Kwa asilimia 10 ni shilingi 40,000. Kwa 25 ni shilingi 100,000. Kwa 35 ni shilingi 140,000. Kodi nyingine huhesabiwa mbali. Mwaona jinsi namba moja inavyoweza kugusa mfuko wa ushirika.

Viwango hubadilika, na mabadiliko hutangazwa katika Gazeti la Jumuiya. Usitumie karatasi ya mwaka jana bila kuuliza.

Na si ushuru tu. Namba ikitiliwa shaka, sanduku hufunguliwa na maswali huanza. Siku zinapita, gharama za kuhifadhi mzigo zinaongezeka, na shambani viwavi hawangoji. Tena, kuandika habari za uongo kwa makusudi ni kosa la sheria.

MFANYE NINI?

Kwanza, mwombeni muuzaji aandike katika ankara: kifaa chapima nini, chafanyaje kazi, na ni cha mashine gani. Ombeni na karatasi ya maelezo yenye picha.

Pili, kabla ya kuagiza, ulizeni forodha kwa maandishi. Mkataba wa kurahisisha biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza mwaka 2017, wazitaka nchi zilizomo kutoa jibu la mapema juu ya namba ya bidhaa.

Tatu, msiporidhika na uamuzi, msikae kimya. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya, ya mwaka 2004, yawapa siku 30 za kumwandikia Kamishna, mkimwomba autazame tena uamuzi huo. Naye ana siku 30 za kujibu, tangu apokee barua na maelezo aliyoyataka. Asipojibu katika muda huo, ombi huhesabiwa kuwa limekubaliwa. Akilikataa, mwaweza kwenda kwenye baraza la rufani za kodi.

Basi, katibu wetu hakuwa mwongo; hakusoma tu maelezo. Ninyi mkijua kusoma, someni na maandishi madogo, maana mara nyingi fedha yenu imo humo.

MASWALI YA DARASA

1. Katika namba 9026.10, ipi ni sura na kipi ni kichwa?
2. Trekta imeletewa kihisi cha kupima kima cha mafuta ndani ya tangi, nacho kimekuja peke yake. Ni kipuri cha trekta? Toeni sababu.
3. Kifaa kina thamani ya shilingi 600,000. Ushuru wa asilimia 10 ni shilingi ngapi?
4. Andikeni mistari mitatu ya ankara inayoeleza vizuri kihisi cha mashine ya kunyunyizia dawa.

Kwaherini, na mjifunze vema.