Mwethya Imehamia Kwenye Simu

Miaka miwili baada ya kupata digrii ya uuzaji, bado nilikuwa nasaga lami Nairobi nikitafuta kazi. Kodi iliponishinda, nikapanda matatu nikarudi kwa Susu, karibu na Wote, Makueni. Majirani walikuwa wamechangia karo yangu, na sasa walikuwa wananipita chini ya mwembe nikiwa nimekodolea simu macho. Aibu niliijua vizuri.

Ilikuwa Januari, msimu wa maembe. Jirani yetu mmoja, mama wa watoto watatu, aliuza kreti zake kwa broka aliyekuja na pikapu. Meseji ya malipo iliingia, kreti zikapakiwa, gari likaenda. Jioni alipofika kwa ajenti kutoa pesa, salio lilikuwa shilingi 40. Meseji ilikuwa feki, imetoka kwa namba ya mtu binafsi.

Hakuniomba pesa. Aliniomba nisimwambie mtu.

Asubuhi nikamrudia. "Mwaitu, nikieleza bila kutaja jina lako je?" Akakubali. Nikafungua kundi la WhatsApp la wakulima 12 niliokuwa na namba zao, nikaandika yaliyotokea na namba iliyotumika. Kimya. Baadaye mzee mmoja akatuma sauti: hata yeye aliibiwa hivyo msimu uliopita. Kisha mwingine. Kumbe kila mtu alikuwa amemeza aibu yake peke yake, na matapeli walikuwa wanakula kwa hiyo aibu.

Mmoja wetu alikuwa na dada aliyeolewa ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui. Tukamwongeza. Wiki iliyofuata dada huyo alikuwa anauza ndengu karibu na Mutomo, meseji ya malipo ikaingia. Akaitambua namba. Akaangalia salio mbele ya mnunuzi: hakuna kitu. Magunia hayakutoka stoo.

Nilisoma ujumbe wake mara tatu. Hakuna barua ya ajira ingenifurahisha vile.

Sasa kila asubuhi wanakundi wa kaunti zote mbili wanaandika bei waliyopewa na broka, ili mtu asiuze gizani. Kazi ya uadmini hailipi, na bado natuma maombi ya kazi. Lakini nikiamka najua kuna watu wananingoja.

Nilipomweleza Susu, alicheka. "Hiyo si mpya. Hiyo ni mwethya." Mwethya ni ule utaratibu wetu wa Ukambani wa majirani kusaidiana kwa zamu kulima na kuchimba matuta. Ni vikundi vya aina hiyo vilivyojenga mabwawa ya mchanga kwenye mito yetu ya msimu, na Joshua Mukusya wa Utooni anakumbukwa kwa kuvihamasisha. Wao walishika majembe, sisi tumeshika simu.

Kama unataka kuanzisha kundi lako, haya ndiyo tumejifunza:

1. Amini salio, usiamini meseji. Usiachilie mzigo kabla hujaangalia salio mwenyewe, hata kama mnunuzi ana haraka.

2. Ukiambiwa pesa zimekufikia kimakosa, usizirudishe mwenyewe. Angalia salio kwanza, kisha mwambie aliyetuma apige huduma kwa wateja. Wao ndio watarudisha.

3. PIN ni yako peke yako. Si ya ajenti, si ya admin, si ya mtu anayesema anapiga simu kutoka ofisini kwetu.

4. Michango isikae kwenye laini ya admin. Sajilini kikundi katika ofisi ya maendeleo ya jamii, kulingana na Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kisha mfungue akaunti ambayo mtu mmoja hawezi kutoa pesa peke yake.

5. Usiweke picha ya kitambulisho kwenye kundi, hata kama mnajuana wote.

Na yule mama? Msimu huu yeye ndiye anayewakaribisha wageni kwenye kundi. Anatuma sauti, anataja jina lake kamili, halafu anasimulia habari ya zile kreti mwanzo hadi mwisho.