Kompresa Kwanza, Brashi Baadaye

Saa tatu usiku, katika chumba cha kupanga Tabata, Dar es Salaam, niliwasha kompresa yangu ya kwanza. Ilikuwa ya mtumba, ya gereji, nyekundu, tangi la lita 24. Nilikuwa nimeibeba kwenye bajaji kutoka kwa dalali nikijiona nimelamba dume. Mshale wa geji haujafika hata nusu, mlango ukagongwa. Mama mwenye nyumba, khanga begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, gereji umeihamishia humu ndani?"

Nilitaka tu kupiga rangi basi dogo la plaiwudi, refu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole. Kazi ya nusu saa. Basi lile lilikaa wiki tatu bila rangi, maana mchana niko kazini na usiku sithubutu kuwasha. Hapo ndipo nilipoona kwamba wengi wetu tunaanza kinyumenyume. Brashi ya hewa, ile kalamu inayopuliza rangi kwa upepo wa kompresa, tunaichagua wiki nzima, tunaulizana, tunalinganisha, halafu kompresa tunaokota yoyote inayotoa upepo.

Shida ya hewa ni ya zamani kuliko umeme wa majumbani. Mmarekani Abner Peeler, alipounda chombo chake cha kupulizia rangi mwishoni mwa miaka ya 1870, alikiunganisha kwa vipande vya karakana ya sonara, bisibisi kuukuu ikiwemo, na hewa aliipata kwa pampu ya mkono. Kompresa yenye utulivu kuliko hiyo sijawahi kuisikia, ila mkono mmoja unapampu na mwingine unachora.

Kompresa ya gereji imeundwa kwa ajili ya matairi na bunduki kubwa za kupiga rangi bodi za magari. Nguvu yake yote ile sisi haitusaidii. Tairi la gari dogo hujazwa hadi presha ya psi 30 hivi. Brashi ya hewa hufanya kazi vizuri kati ya 15 na 25, na ukichora mistari myembamba unaweza kushuka hadi 10. Tunachohitaji ni upepo kidogo usioyumba.

Kelele hupimwa kwa desibeli, na kipimo hiki kina ujanja wake: kila zikiongezeka 10, sikio husikia kama kelele imekuwa maradufu. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60, friji tulivu ni kama 40, na kompresa ya gereji hupita 80 bila aibu. Sasa zipo kompresa ndogo zisizotumia oili ambazo maboksi yake mengi yameandikwa AS-186, hata kama majina ya kampuni ni tofauti. Zina mota ya nguvu farasi 1/6, tangi la lita 3, na swichi inayozima ikifika bar 4 na kuwasha tena presha ikishuka hadi bar 3. Boksi linasema desibeli 47. Hata ukiongeza kidogo kwa sababu ya maneno ya muuzaji, bado ni mashine ya kutumia huku mtoto amelala chumba cha pili.

Ndugu yake asiye na tangi ni rahisi zaidi, na wengi humkimbilia. Mimi nasema ongeza pesa. Bila tangi, mota haipumziki muda wote unaochora. Inachemka, na upepo unakuja kwa kudunda kama mapigo ya moyo, ukionekana wazi kwenye mstari mwembamba. Penye tangi, mota inajaza kisha inanyamaza, nawe unachora katika ukimya mpaka presha ishuke. Vile vidogo vya kuchaji, vinavyofungwa moja kwa moja chini ya brashi, vinawafaa wachora kucha na wapambaji wa keki. Kwa kazi ya saa nzima, hapana.

Jambo moja boksi halikuambii: kelele nyingine hupita sakafuni. Kompresa iliyowekwa juu ya vigae hutetemesha chumba cha chini. Yangu ya sasa, ndogo yenye tangi, inakaa juu ya kipande cha tairi kilichofunikwa godoro chakavu, na tofauti yake niliisikia papo hapo.

Kuna pia njia ya fundi friji. Mota ya friji iliyokufa, ikiunganishwa na tangi, hutoa hewa kwa sauti ileile ya friji, yaani karibu na kimya. Mashine ghali kabisa za wachoraji zina mota za namna hiyohiyo ndani yake. Naziheshimu kazi hizo, kwa masharti. Tangi liwe la hewa kweli, si mtungi wa gesi uliookotwa. Kuwe na valvu ya usalama na swichi ya kujizima. Na kuwe na chujio, kwa sababu mota hizo hutumia oili na tone moja tu la oili linaharibu rangi. Fundi akikwambia valvu si lazima, mshukuru uondoke.

Sisi wa Dar es Salaam, Zanzibar, Tanga na Mombasa tuna adui mwingine ambaye maelekezo ya mashine hizi humtaja kwa mstari mmoja tu: maji. Hewa ikibanwa hupata joto, ikipoa mvuke wake hugeuka matone. Wakati wa masika nimewahi kufungua koki iliyo chini ya tangi baada ya jioni moja ya kazi, maji yakatiririka kama nimekojolesha mbuzi. Maji hayo yasipokamatwa hufika kwenye brashi, na brashi inatema tone moja kubwa katikati ya kioo cha basi ulichokipaka kwa uangalifu. Hivyo usinunue kompresa isiyo na mtego wa maji, kile kikombe angavu chini ya geji. Tena mtego wa pili, mdogo, ukifungwa mwishoni mwa mpira karibu na brashi, hukamata yale yaliyopoa njiani. Na kila ukimaliza kazi, mwaga maji ya tangi.

Angalia pia kibandiko cha umeme. Mashine za mtumba kutoka Marekani ni za volti 110 hadi 120 na hezi 60. Transfoma itashusha volti zetu, lakini hezi zitabaki 50, na mota itazunguka polepole na kuchemka.

Brashi yenyewe? Hapa sina maneno mengi. Chukua yenye vitendo viwili: unabonyeza kupata hewa, unavuta nyuma kupata rangi. Ile ya kitendo kimoja, ambayo kiasi cha rangi unakiweka kwa skrubu, unaizoea kwa siku moja na kuichoka kwa wiki. Kikombe kiwe juu, ili rangi ishuke yenyewe. Matone kumi yanatosha na presha ndogo inatosha. Chupa ya chini inafaa kwa sehemu pana. Nozeli ya milimita 0.3 inafaa, au 0.5 kama mkono bado mzito, maana tundu pana halizibi ovyo. Hiyo 0.2 waachie wanaochora kope. Mwenye uwezo anunue Iwata Neo au Badger Patriot, vipuri vyake vinapatikana. Seti za bei ya chini nazo zinafundisha vizuri, ila nozeli yake ndogo kama punje ya mtama hukazwa kwa ncha za vidole. Ukitumia nguvu ya spana, inakatikia ndani, na huo ndio mwisho wake.

Rangi iwe nyepesi kama maziwa. Ukitumia thina, fungua dirisha, vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke, na jiko la gesi liwe limezimwa. Wa keki wawe na brashi yao ambayo haijawahi kuonja rangi nyingine.

Ukienda dukani Kariakoo, usiridhike kuonyeshwa boksi. Omba kompresa iwashwe, iwekwe chini, ijaze mpaka ijizime. Kisha piga soga na muuzaji dakika kumi huku unaitazama geji. Mshale ukishuka na hakuna anayetumia hewa, kuna mahali panavuja, na povu la sabuni kwenye maungio litawaonyesha nyote wawili. Kwenye brashi, chomoa sindano uiviringishe juu ya kioo cha kaunta. Ikirukaruka, imepinda.

Basi langu la plaiwudi lilimalizika usiku wa Jumanne, bluu na nyeupe, na mama mwenye nyumba alikuja kulitazama bila kugonga mlango kwa hasira. Ile kompresa nyekundu nilimuuzia fundi pancha wa njia panda. Inajaza upepo bajaji mpaka leo.