JE, WAJUA? Si kila kiuno kinachouma ni baridi yabisi

Mama lishe wa Tandika, Temeke, akiamka alfajiri vidole vimekakamaa hata tui hakamui, majirani husema: "Baridi imemwingia." Jina linapotosha. Baridi yabisi haisababishwi na baridi. Ni kinga ya mwili inayogeuka na kushambulia utando wa ndani wa viungo.

• Aghalabu huanza kwenye viungo vidogo vya mikono na miguu, kushoto na kulia. Ukakamavu wa asubuhi huzidi nusu saa.

• Wanawake huugua mara 2 hadi 3 zaidi ya wanaume.

• Ikipanda mgongoni, hupenda shingo, hasa pingili 2 za juu. Kiuno hukigusa kwa nadra.

• Kiuno kina pingili 5. Ugwe mgongo huishia karibu na pingili ya 1 au ya 2. Chini yake hushuka fungu la mishipa ya fahamu, mithili ya mkia wa farasi.

• Fungu hilo likibanwa na chochote, dalili ni ganzi sehemu za siri na mapajani kwa ndani, miguu kulegea, mkojo kuziba au kujitokea. Hapo si pa kuchua wala kusubiri kesho: wahi hospitali ya rufaa ya mkoa, Temeke au Mwananyamala. Upasuaji wa mgongo hufanyika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996.